Mkono Ndani ya Mtungi

1

"Dada Keziya, hebu niambie kweli. Huo mkono wako ukishaingia mtungini, huwa unajua umeshika nini?"

Aliyeuliza alikuwa Loida, jirani wa nyumba ya pili, siku ya nne tangu binti yake Foibe apelekwe Ukutani. Aliuliza kwenye foleni ya maji, ndoo tupu ikiwa miguuni, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza bei ya dagaa. Keziya Chidawali alijibu bila kugeuka.

"Mkono ni mkono tu, Loida. Hauna macho."

Wanawake wa kwenye foleni waliitikia amina, mmoja akasema Mungu ndiye anayechota, na maneno yakaishia hapo. Loida hakuuliza tena, siku ile wala mwaka mmoja na nusu uliofuata. Jioni yake alikuja na ufunguo wa nyumba yake, akautundika kwenye msumari wa mlangoni kwa Keziya.

"Mimi sishindi nyumbani," alisema, macho yake chini. "Foibe akitoka akanikosa, aje auchukue hapa. Wewe ndiye ninayemwamini."

Ufunguo ukakaa pale misimu miwili ya mvua. Keziya aliupita kila asubuhi akitoka na kila alasiri akirudi, na hakuna siku aliyoupita bila kuuona.

Mji wa Ihumbwe ulikuwa mwaka wake wa sita ndani ya Jaribio. Hakimu alikuwa bado anasema nani ana hatia, ila hakusema tena mwenye hatia aende wapi. Hilo liliachiwa mtungi. Kete nyeupe ikitoka, mtu alirudi nyumbani na ugwe. Kete nyeusi ikitoka, aliingia Ukutani, gereza la kando ya reli. Wachumi wa Taasisi ya Vipimo vya Haki walitaka kujua jambo moja tu: kati ya ugwe na Ukuta, kipi kinamfanya mtu asirudie kosa. Na walisema hawataweza kulijua kama kinachochagua si bahati tupu.

Mwanzoni ilichagua mashine. Watu wa Ihumbwe wakaikataa mchana kweupe. Walisema mashine ina mwenyewe, na mwenyewe ana ndugu zake. Wakaibeba hadi nje ya mahakama, wakaifunika kwa ngozi ya ng'ombe kama mtu wanayemzika, wakaketi chini wakadai mkono wa mtu. Mtu wanayemjua, mcha Mungu, asiye na mtoto wa kumpendelea. Wakadai pia jina la mkosaji na kosa lake visomwe kwa sauti kabla kete haijatoka, maana mtu si furushi la stesheni aitwe kwa namba. Taasisi ilikubali yote mawili shingo upande. Ndipo walipokuja kumpigia hodi Keziya, mjane wa mlinzi wa reli, aliyekuwa ameosha vikombe vya meza ya Bwana kanisani kwa miaka thelathini bila kuvunja hata kimoja.

Tangu hapo, kila Jumanne, alifungwa kitambaa machoni, akaomba, akasikiliza jina na kosa, akaingiza mkono. Kete hamsini nyeupe, hamsini nyeusi. Watoto wa mtaani wakampa jina: Bibi wa Mtungi.

2

Daktari Ngusa Malale alikuja Jumatano, siku isiyo ya kura. Karani wa mahakama, mzee Lameki, ndiye aliyemfuata Keziya nyumbani.

"Bibi wa Mtungi, unaitwa. Daktari wa hesabu kaja. Ana uso wa mtu aliyelishwa pilipili msibani, hawezi kulia wala kucheka."

"Kaja kutuongezea mwaka?"

"Mimi nitajua wapi? Mimi nasoma majina."

Njiani walipitia sokoni. Mbele ya banda la uwele mwanamume mmoja alikuwa amesimama anabishana na muuzaji, kidole hewani, mara akaketi chini kwa kishindo kama mbuzi aliyegoma kamba. Juu ya kifundo chake cha mguu mstari wa buluu ulikuwa unang'aa chini ya ngozi. Ule ndio ugwe: uzi uliopandikizwa mguuni, damu ya mtu ikichemka au akivuka mpaka aliowekewa, mguu unakufa ganzi mpaka atulie.

"Umekamatwa?" watu wakamcheka.

"Nimekaa mwenyewe," alisema yule bwana, jasho likimtoka. "Kwani mtu hachoki?"

Keziya hakucheka. Alimkumbuka. Kete nyeupe, mwaka wa pili.

Kwenye chumba cha nyuma cha mahakama Daktari alikuwa amepanga kitu kama sinia pana la udongo mweusi, laini, lenye joto. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega yameshuka. Alisimama Keziya alipoingia, akamwamkia kwa kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya safari?"

"Salama. Umechoka, mama?"

"Nimezoea. Wewe je?"

"Mimi nimechoka tangu mwaka juzi," alisema Daktari, akatabasamu kidogo bila furaha. "Hii inaitwa meza ya vidole. Inasoma mishipa. Ukigusa kitu ukakitambua, mshipa unaitika kabla wewe mwenyewe hujafikiri, na meza inausikia. Haiumi. Kabla hujakubali, ujue sheria ya mwili. Kitakachosomwa ni chako. Bila dole gumba lako siwezi kumwonyesha mtu yeyote."

"Na nikikataa sasa hivi?"

"Narudi na treni ya saa tisa."

Keziya alimtazama mtu yule, viatu vyake vya vumbi, kola yake iliyofuliwa na mtu asiyejua kufua. Akanyosha mkono wake wa kulia, akaulaza kwenye sinia. Alihisi kama ameutia kwenye unga wa moto. Lameki akamfunga kitambaa machoni, kile kile cha Jumanne, kisha akatolewa nje.

Kete zikaanza kupita chini ya vidole vyake moja moja. Sinia lilikuwa linanguruma taratibu, mara nguruma, mara kimya, mara nguruma. Keziya hakuhitaji kuambiwa. Ikipita nyeusi, inanguruma. Ikipita nyeupe, kimya.

Baada ya arobaini Daktari alimfungua kitambaa mwenyewe.

"Ngapi?" aliuliza Keziya.

"Thelathini na nane."

"Hizo mbili zilinishinda kwa sababu ya jasho."

Daktari aliketi. Aliigeuza kete nyeusi kwenye mwanga wa dirisha.

"Zilipotoka kwenye tanuru zilikuwa sawa," alisema. "Uzito sawa, ngozi sawa. Nilizipima mimi. Umezifanyaje, mama?"

"Nimeziosha."

"Umeziosha?"

"Kila Jumanne baada ya kazi. Kwa majivu laini na ndimu, kama vikombe. Watu wanazililia zile kete, Daktari. Wanazishika, wanazibusu, wengine wanazitemea mate. Ningeziweka vile vile mpaka Jumanne ya pili?"

"Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Zifutwe kwa kitambaa kikavu."

"Niliisoma. Nikajua imeandikwa na mwanamume."

Daktari alicheka, kicheko kikamtoka ghafla kikamtia aibu. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Rangi nyeusi imepikwa juu ya udongo," alisema. "Ndimu imeila ngozi yake kidogo kidogo. Kwa macho huoni. Ila mkono unaozishika kila juma, huo unajua."

"Nyeusi zina ukungu," alisema Keziya. "Kama jani la boga. Nyeupe zinateleza."

Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo, hata katika sala.

3

Daktari hakufungua kitabu chochote. Takwimu zote alikuwa nazo kichwani, na alizitoa moja moja, polepole, kama mtu anayetoa miiba.

Miaka minne ya kwanza, alisema, walipita mtungini kina mama wanaonyonyesha tisini na saba. Arobaini na tisa walipata ugwe. Nusu kwa nusu, ndivyo bahati inavyofanya. Miaka miwili ya mwisho wamepita hamsini na wanne. Waliopata ugwe ni arobaini na watano.

"Bahati inaweza kufanya hivyo?" aliuliza Keziya.

"Ungechota tangu enzi za bibi yako mpaka leo bila kupumzika, labda ungeiona mara moja."

"Endelea."

"Waliopiga wake zao. Zamani nusu kwa nusu. Miaka miwili hii wamepita sitini na mmoja, hamsini wamekwenda Ukutani."

Keziya aliangalia mkono wake. Ulikuwa mkono wa kawaida, kucha fupi, ngozi imekauka kwa ndimu. Alikumbuka siku ulipoanza. Mwanamke aliyeiba maziwa ya kopo, mtoto wa siku arobaini mgongoni, akilia kwa sauti nyembamba kama bawaba. Vidole viligusa kete yenye ukungu, vikapita. Vikagusa nyingine, vikapita. Vikafika kwenye inayoteleza, vikashika. Alijiambia ni Mungu. Juma lililofuata alijiambia tena ni Mungu. Baada ya miezi mitatu aliacha kujiambia chochote, alichota tu. Lakini kuosha hakuacha.

"Sasa shida iko wapi?" alisema mwishowe. "Waliokwenda nyumbani walistahili nyumba. Waliokwenda Ukutani walistahili Ukuta. Hata hakimu angefanya hivyo."

"Shida ni hii, mama. Miaka minne ya kwanza, kati ya watu mia wa ugwe, ishirini na wawili walirudia kosa. Wa Ukuta, ishirini na wanne. Tofauti ya watu wawili ni upepo tu, huwezi kujengea juu yake. Miaka miwili ya mwisho, wa ugwe waliorudia ni kumi na mmoja. Wa Ukuta, thelathini na watatu. Ukichanganya miaka yote sita, ugwe unang'aa kama dhahabu. Na Taasisi imechanganya. Muswada uko bungeni, keshokutwa unapita. Nchi nzima itafungwa ugwe. Watu laki mbili."

Keziya hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa amepepeta uwele maisha yake yote, na alijua kinachotokea mtu akitoa mawe kwa mkono halafu akausifu ungo.

"Kwa hiyo si ugwe uliowatuliza," alisema. "Ni mimi niliwachagua waliotulia."

Daktari aliitikia kwa kichwa.

"Na wale wapiga wanawake," aliendelea Keziya. "Niliwanyima ugwe. Ina maana miaka hii haukupimwa kwao."

"Kumi na mmoja tu kwa miaka miwili."

"Na sheria mpya itawapeleka wapi?"

"Nyumbani. Na ugwe. Ripoti inasema unafaa kwa makosa yote."

"Mguu utalala," alisema Keziya polepole. "Mikono hailali."

Nje treni ya mizigo ilipita, vioo vikatetemeka. Daktari akatoa kibao chembamba, cha ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu, taa ndogo ya kijani ikiwaka pembeni. Akakiweka mezani katikati yao.

"Usomaji wa vidole vyako uko humu. Ukibonyeza dole gumba hapa chini, unakwenda kwa Tume inayosimamia Jaribio. Wataifuta miaka miwili, na iliyobaki haithibitishi kitu. Muswada utaondolewa. Usipobonyeza, kesho saa sita mchana unajifuta wenyewe, na mimi sijawahi kuja Ihumbwe. Nimewaambia wakubwa zangu kwamba hesabu hazikai sawa, wakaniambia ni bahati. Sina kitu kingine cha kuwaonyesha."

"Walioko nyumbani sasa hivi? Wenye watoto?"

"Waliochotewa miaka hii miwili, kura yao itakuwa batili. Hakimu atawapangia upya. Wengine wataingia Ukutani."

"Na walioko Ukutani?"

"Muswada ukipita, waliobakiza chini ya miaka mitatu wanatoka na ugwe tarehe mosi. Usipopita, hakimu ataanza na walioko nje. Walioko ndani wanaendelea mpaka wafikiwe. Inaweza kuchukua miaka."

Foibe alikuwa amebakiza miaka miwili na miezi minne. Keziya hakuhitaji kuhesabu, Loida alikuwa akimhesabia kila Jumapili.

"Mimi nitafanywa nini?"

"Kuchezea kura ni miaka miwili, mama." Daktari aliangalia sakafu. "Sitakudanganya."

"Nani atanichotea?" aliuliza Keziya, na safari hii ni yeye aliyetabasamu bila furaha.

Daktari aliinuka, akafunga sinia lake kwenye begi. Mlangoni alisita.

"Sikuambii ufanye nini. Nimekaa na jambo hili miezi saba. Nilitaka kulishusha kidogo, na nimelishushia kwako. Unisamehe."

"Nenda ukapumzike, mwanangu," alisema Keziya. "Na hiyo kola, uiloweke kwanza."

4

Alhamisi saa nne na nusu Loida aliingia bila hodi, kama kawaida yake, na kifurushi cha mlenda mkavu kwapani. Keziya alikuwa ameketi mezani, kibao mbele yake, taa ya kijani ikiwaka. Alikuwa ameomba tangu alfajiri na hakupewa jibu lolote zaidi ya alilokuwa nalo jana.

"Mbukwenyi, dada!" Loida alimwamkia kwa Kigogo, sauti juu. "Mbona umekaa kama unasubiri posa? Wamesema stesheni, muswada ni kesho. Tarehe mosi wanatoka! Nimepaka chokaa chumba chake. Nimenunua na ndala. Sijui mguu wake bado ni ule ule, nimekadiria tu."

"Keti, Loida."

"Siketi, nina chokaa mpaka kwenye nywele. Akifika tu, namfunga ugwe wa pili kwa kamba yangu mwenyewe, asinitoke tena kwenda kuvunja maghala ya watu."

"Keti, mdogo wangu."

Loida aliketi. Kitu fulani katika sauti ile kilimfanya aweke kifurushi mezani polepole, kama kina mayai.

"Foibe amekufa?"

"Hapana. Foibe mzima." Keziya alivuta pumzi. "Uliniuliza swali kwenye foleni ya maji. Ninalijibu leo. Mkono wangu ulikuwa unajua."

Akamweleza. Majivu, ndimu, ukungu wa jani la boga, sinia la Daktari, hesabu. Alieleza taratibu bila kujipamba, na Loida alisikiliza, mdomo wazi kidogo, chokaa ikimwanguka begani.

"Subiri," alisema Loida. "Mimi si mtu wa Taasisi. Siku ya Foibe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukachota nyeusi."

"Ya kwanza iliyoingia mkononi ilikuwa nyeupe," alisema Keziya. "Sikuitafuta. Nilitia mkono, ikawa hapo. Ilikuwa yake."

Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka.

"Ilikuwa yake," Loida alirudia.

"Nikasikia watu nyuma yangu wananong'ona, huyo ni mtoto wa jirani yake. Nilishawapa wengi wasio wangu. Nikaogopa. Nikasema moyoni, nikimpa na huyu, nitakuwa mwizi kweli. Nikaiachia, nikatafuta yenye ukungu. Nilitaka kuwa na moja niliyochota kwa haki. Nilimtumia mtoto wako kujisafisha, Loida."

Loida alicheka kidogo, kicheko kikavu kisichokuwa na mahali pa kwenda.

"Na mimi nilikuuliza. Mbele ya watu wote wale nilikuuliza. Ukasema mkono hauna macho. Nikaona aibu! Nikarudi nyumbani nikasema, Loida, umemtukana mtumishi wa Mungu. Unadhani ule ufunguo niliuleta kwa sababu ya Foibe? Foibe angeruka dirisha. Nilikuja kukuomba radhi. Nilishindwa kuisema, nikaileta na ufunguo."

Keziya hakulijua hilo. Kati ya mambo yote aliyojiandaa kuyasikia, hilo halikuwemo. 

"Sawa," alisema Loida. Alijifuta uso, akajikusanya, na Keziya aliona jinsi alivyokuwa akijikaza, kama mtu anayebeba gunia na kutafuta pa kuweka mguu. "Sawa. Limekwisha pita. Na hicho kibao?"

"Nikikibonyeza, muswada unakufa. Nisipokibonyeza, saa sita kinajifuta."

"Na Foibe anatoka."

"Anatoka tarehe mosi."

"Basi usikibonyeze." Loida alisema upesi, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Keziya. "Dada, tunakaa hapa mimi na wewe tunakunywa chai, saa sita inapita. Nitakusamehe. Au sitakusamehe, hilo ni letu wawili, tutalimaliza hapa hapa mtaani. Umemchukulia yake, mrudishie. Ni kitu gani kigumu?"

"Nilikaa nalo usiku kucha."

"Ukaona nini?"

"Nimewaona wale hamsini. Nilioambiwa wanapiga wake zao, nikawapeleka Ukutani kwa kuwa niliwaogopa. Ugwe haujapimwa vya kutosha kwa watu kama wale, Loida. Umepimwa kwa kina mama na wezi wa maziwa, niliowapanga mimi. Halafu wanawake wa nchi nzima wataambiwa, mpokee mumeo, kuna kipimo. Hicho kipimo ni mkono wangu."

"Siwajui hao wanawake."

"Hata mimi siwajui."

"Foibe unamjua. Umemkata kitovu!"

"Nilimkata."

"Alimpiga nani Foibe? Alivunja ghala la mbegu, mwaka wa njaa, akachukua debe moja la uwele. Kampiga nani?"

"Hajampiga mtu."

"Na wale wenye watoto uliowaonea huruma, unawarudisha ndani. Ndiyo huruma hiyo?" Sauti ya Loida ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Kila unapoona vibaya moyoni, Dada Keziya, anayelipa ni mtu mwingine. Ulijisafisha kwa Foibe mara ya kwanza. Unajisafisha kwake mara ya pili."

Keziya alilisikia neno lile likiingia, na hakuwa na kitu cha kulizuia. Lilikuwa la kweli. Alikuwa amelitazama alfajiri kwa upande wa nyuma, na sasa ameletewa kwa mbele. Lakini lilipokwisha kuingia, wale hamsini walikuwa bado wamesimama pale pale, na nyuma ya kila mmoja mlango, na nyuma ya mlango mtu anayesikiliza hatua.

"Na mimi nitaingia," alisema. "Miaka miwili. Nitakuwa naye ndani."

"Itamsaidia nini?"

"Hakuna."

Kivuli cha dirisha kilikuwa kimesogea hadi katikati ya meza. Bado saa nzima. Mtu angeweza kuteleka chai, kuimimina, kuuliza habari za chokaa, na saa ingepita yenyewe bila mtu kufanya dhambi yoyote inayoonekana. Keziya alimwangalia Loida, chokaa kwenye nywele zake, akamkumbuka akiwa msichana wa miaka ishirini na moja anauma kitambaa, na yeye Keziya akimwambia sukuma, mdogo wangu, kichwa kimefika.

Aliuondoa mkono wake chini ya mkono wa Loida, taratibu. Akakibonyeza kibao kwa dole gumba, akahesabu moja, mbili, tatu. Kibao kikatetemeka. Taa ya kijani ikazima.

Loida aliitazama taa iliyozimika kama anayesubiri iwake tena. Kisha aliinuka. Alikung'uta chokaa begani, akakiacha kifurushi cha mlenda pale mezani, akaenda mlangoni. Aliutoa ufunguo kwenye msumari. Kamba yake ilikuwa imeshikana na kutu, ikamchukua muda, na hakuikata wala hakuivuta kwa nguvu, aliifungua kwa kucha, uzi kwa uzi, mpaka ikaachia. Akaufumba ufunguo kiganjani, akatoka.